Sura ya Tatu: Mwili Usomwao kwa Mikono

Katika mwaka wa 1200 maji ya mto Nili hayakupanda kadiri ya desturi yake, nchi ya Misri ikashikwa na njaa kuu iliyofuatana na maradhi, na watu wakafa kwa wingi hata wengine wakakosa wa kuwazika. Wakati huo alikuwako Kairo mwanachuoni mmoja mzaliwa wa Baghdad, Abd al-Latif, tabibu na mwalimu, ambaye sawasawa na matabibu wenziwe wa zama zile alikuwa amejifunza umbo la mwili wa binadamu katika vitabu vya Galen, yule Myunani ambaye Waarabu humwita Jalinusi, na ambaye neno lake lilikuwa limetawala elimu ya tiba kwa takriban miaka elfu moja. Galen alikuwa ameandika kwamba taya la chini lina mifupa miwili iliyoungana kidevuni. Abd al-Latif alipopata habari kwamba mahali paitwapo al-Maqs pana kilima cha mifupa ya wafu, alikwenda pamoja na wengine wakatazama, na katika mafuvu zaidi ya 2,000 waliyoyaona hawakukuta hata moja ambalo taya lake lina kiungo au alama ya mshono. Ikambainikia kwamba taya ni mfupa mmoja, na akaandika, kwa adabu yote anayostahiki Galen, kwamba ushahidi wa hisi ni mkweli zaidi kuliko maneno yake.

Mtu yeyote asomaye ukurasa huu aweza kupitisha kidole chini ya kidevu chake, kutoka sikio moja hata la pili, asikute mahali pa kuungana. Jambo jepesi kiasi hicho lilikuwa karibu na kila mwanafunzi wa tiba kwa karne nyingi, naye asilione, kwa sababu alikuwa amefundishwa kutazama ukurasa na hakufundishwa kushika taya.

Wanafunzi ninaowakusudia katika sura hii ni vijana wa vyuo vya ufundi na vyuo vya kati vya afya: muuguzi wa ngazi ya cheti, mhudumu wa maabara, msaidizi wa duka la dawa, fundi wa viungo bandia, na yule atakayewanyoosha viungo waliopooza. Aghalabu wametoka kidato cha nne, wana umri mdogo na hamu kubwa, na baada ya muda mfupi watakabidhiwa miili ya watu hai. Siku za mwanzo hupewa kitabu kinene na orodha ya mifupa 206, wakaambiwa wahifadhi. Nao huhifadhi, kwani vijana wetu, hususan waliopitia chuoni kwa mwalimu wa Kurani, wana uwezo wa ajabu wa kushika maneno kwa ghaibu. Lakini jina lisiloshikamana na kazi yoyote humtoka mtu mara mtihani unapokwisha, na mwaka wa pili unapofika akiwa wodini na sindano mkononi, hujikuta anajua kuutaja msuli asiojua uko wapi.

Rai yangu ni hii: mwanafunzi wa ufundi hahitaji elimu ya mwili iliyopunguzwa ukweli, wala iliyolainishwa kwa kudhaniwa kwamba akili yake haiwezi. Yamstahiki elimu ile ile asomayo daktari, ila aingizwe kwa mlango wa kazi yake, ili kila kiungo akijue kwanza kwa kukishika na kwa haja aliyo nayo juu yake, kisha ndipo apewe jina. Wapo wasemao kwamba njia hii ni ya polepole. Mimi naona kuwa polepole zaidi ni kumfundisha mtu jambo moja mara mbili, darasani akalisahau na wodini akaanza upya, tena wakati huo mgonjwa ndiye anayelipa gharama ya somo.

Utengano wa kitabu na mkono una tarikhi ndefu. Katika vyuo vikuu vya Ulaya vya karne ya 14 na ya 15, mwalimu alikaa juu ya kiti kirefu akisoma kwa Kilatini, chini yake kinyozi mwenye kisu akipasua maiti, na baina yao akasimama mtu wa tatu akionyesha kwa fimbo kiungo kilichotajwa. Asomaye hakupasua, apasuaye hakufahamu kilichosomwa, na wanafunzi waliozunguka walisikia habari za kiungo ambacho wala msomaji wala mpasuaji hakukihakikisha. Andreas Vesalius, alipopewa ualimu katika chuo cha Padova mwaka 1537, alishuka kutoka kiti kile akashika kisu mwenyewe, na mwaka 1543 akatoa kitabu chake mashuhuri kilichomsahihisha Galen katika mambo mengi, likiwamo lile la taya, ambalo Abd al-Latif alikuwa amemtangulia kwa zaidi ya karne tatu. Nina hofu kwamba katika baadhi ya madarasa yetu kiti kile kimerudi kwa sura ya projekta: mwalimu amesimama gizani akisoma maandishi ya ukutani, na wanafunzi sitini wanayanakili yale yale, ilhali kila mmoja wao amekuja darasani na moyo, mapafu, mifupa na misuli yake, isiyoguswa hata mara moja kwa muda wa saa mbili.

Hebu tutazame kitu ambacho kila mama wa nchi hizi anacho ndani ya mkoba wake, nacho ni kadi ya kliniki ya mtoto. Kadi ile, kwa mwalimu mwenye kujua kuiuliza, ni somo zima la tabaka za mwili. Chanjo ya kifua kikuu, iitwayo BCG, hutiwa ndani ya ngozi yenyewe. Chanjo ya surua hutiwa chini ya ngozi. Ile ya pentavalenti, inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B na ugonjwa wa Hib, huchomwa katika msuli wa paja. Na matone ya polio humezwa. Kwa nini mtoto mmoja afikiwe kwa njia nne mbalimbali? Mwalimu akiliuliza swali hili kisha akanyamaza, akawaacha wanafunzi wabishane, atakuwa amewafungulia mambo ambayo kitabu huyatawanya katika sura tano.

Majibu yake yapo katika umbo. Ngozi ina tabaka ya juu isiyo na mishipa ya damu, na chini yake tabaka nene yenye mishipa, neva na askari wengi wa kinga ya mwili. BCG, ambayo kipimo chake kwa mtoto mchanga ni mililita 0.05 tu, hukusudiwa kukaa humo, na ndiyo sababu sindano hulazwa karibu sambamba na mkono hata kipele cheupe kikatokea juu. Mchanjaji akizamisha mno, dawa huangukia katika mafuta yaliyo chini ya ngozi, na mtoto aweza kupata jipu. Surua yenyewe huelekezwa katika tabaka ile ya mafuta, sindano ikiinamishwa nyuzi 45. Pentavalenti, kwa kuwa imechanganywa na chumvi ya aluminiamu ya kuamsha kinga, huwasha na kufanya uvimbe ikibaki katika mafuta, kwa hiyo sindano husimamishwa wima ili ifike msulini, mahali penye damu nyingi. Ama polio humezwa kwa kuwa kirusi chake huingilia kinywani na kuzaana matumboni, na kinga yapasa ikakingoje palepale mlangoni pake.

Fauka ya hayo mwanafunzi atauliza kwa nini paja na si tako, na hapo somo la neva limejileta lenyewe. Mtoto ambaye hajatembea bado hana msuli wa tako wa kutosha, na katika tako hupita neva kubwa kuliko zote za mwili, ambayo kwa mtu mzima upana wake hufikia sentimita 2, ikishuka nyuma ya paja hata mguuni. Sindano ikiipata, aliyechomwa aweza kubaki na unyayo uliolegea maisha yake yote. Kwa mtu mzima anayechomwa takoni, hapana budi kuichagua pembe ya juu ya upande wa nje. Na mwanafunzi asiambiwe tu neno hilo, bali aupapase kwanza ukingo wa mfupa wa nyonga yake mwenyewe, kisha lile fundo la mfupa wa paja lililo ubavuni, ajue neva ile yapita upande gani wa alama hizo. Akishajua hivyo hataihitaji picha, na mgonjwa mnene au aliyekonda sana hatamchanganya, maadamu mifupa ni ile ile.

Mzunguko wa damu nao, ambao huwasumbua wanafunzi kuliko mambo mengi, napenda uanzie mkononi na si moyoni. Mwalimu achukue ule mpira ambao muuguzi hufungia mkono kabla ya kutoa damu, aufunge juu ya kiwiko cha mwanafunzi mwembamba, na vena zitainuka. Kisha abonyeze vena moja kwa kidole, na kwa kidole cha pili aisukume damu kuelekea juu kuvuka kivimbe kimoja cha vali. Vena itabaki tupu, wala damu haitarudi kutoka juu. Na akiinua kidole cha chini, itajaa mara moja kutokea upande wa kiganja. William Harvey, tabibu wa Uingereza, alionyesha jaribio hilo hilo katika kitabu alichokitoa mwaka 1628, akaliongezea hesabu hii: kiasi cha damu inayotoka moyoni kwa nusu saa ni kikubwa kuliko damu yote iliyomo mwilini, kwa hiyo haiwezekani iwe inatengenezwa upya kwa chakula, bali ni ile ile inayozunguka. Wanafunzi waifanye hesabu hiyo wenyewe. Pigo moja la moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma takriban mililita 70. Wahesabu mapigo yao kwa dakika moja, wazidishe, na watakuta lita 5 hivi, nacho ndicho kiasi cha damu yote aliyo nayo mtu. Yaani damu yake yote humaliza safari katika dakika moja. Baada ya hapo mwanafunzi hatahitaji kuhubiriwa kwa nini mwenye jeraha la ateri huweza kufa kabla ya gari la wagonjwa kufika.

Inapendeza pia waelezwe kwamba sehemu ya safari hiyo, ile ipitayo mapafuni, ilikwisha kuelezwa karne nne kabla ya Harvey na Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Sham aliyefanya kazi Kairo na kufariki mwaka 1288. Katika sharha yake juu ya anatomia ya Ibn Sina alikanusha kwamba ukuta wa katikati ya moyo una vitundu vya kupitisha damu, kama alivyodai Galen, akasema kuwa damu hupita mapafuni ikachanganyika na hewa kisha ikarejea upande wa kushoto. Kijana wa Lamu au wa Pemba akisikia majina haya hujua kwamba elimu hii si ya wageni kwake.

Vifaa havina ughali unaodhaniwa. Mwalimu apatane na mchinjaji, na azungumze na mkaguzi wa nyama, kwa sababu wakaguzi huchanja viungo kutafuta minyoo na vijipu, ili apewe moyo, mapafu na bomba la hewa la mbuzi vikiwa bado vimeshikana. Mbuzi anafaa kuliko nguruwe ambaye vitabu vya Ulaya humtaja kila mara, kwani katika madarasa ya Pwani hapana mwanafunzi atakayejizuia kumshika. Bomba la hewa likifungwa kwenye mrija na kutiwa hewa kwa pampu ya baiskeli, mapafu yale yaliyolala mezani hupanda na kung'aa rangi ya waridi, na nimeona madarasa yenye makelele yakinyamaza kwa kitu hicho kuliko kwa kemeo lolote. Moyo ukikatwa kwa urefu, wanafunzi wauminye ukuta wa kushoto na wa kulia kwa vidole, waone tofauti ya unene, kisha waulizwe upande gani husukuma damu mwili mzima na upande gani huipeleka mapafuni tu, palipo karibu. Hapo sababu na umbo hukutana mbele ya macho yao. Figo nayo ipasuliwe, nao waambiwe kwamba figo zao mbili huchuja takriban lita 180 kwa siku na kurudisha karibu zote, isipokuwa lita moja au mbili zitokazo kuwa mkojo.

Lakini umbo ni nusu ya kazi, tena nusu iliyo nyepesi, kwa kuwa huonekana. Namna viungo vifanyavyo kazi haionekani, na wengi wa walimu wetu wakifika hapo hurudi kwenye orodha. Kwa mlango huu mimi sijui somo bora kuliko maji ya chumvi na sukari anayopewa mtoto aharishaye. Kwanza, zile alama ambazo mwanafunzi wa uuguzi hufundishwa kuzitafuta zote ni fiziolojia tupu: utosi uliodidimia, macho yaliyozama, ngozi ya tumbo ambayo ikifinywa hurudi polepole, mapigo ya haraka yaliyo dhaifu. Kila moja ni sura ya upungufu wa maji, na kila moja yafaa iulizwe: maji yametoka wapi hata ikawa hivi? Pili, liulizwe swali ambalo wanafunzi wengi huamini kwamba wanalijua jibu lake: sukari ni ya nini? Watasema ni ya kumpa mtoto nguvu. Si hivyo. Katika kuta za utumbo mwembamba kuna milango midogo inayopitisha sodiamu na glukosi kwa pamoja, na mahali vilipokwenda hivyo viwili maji hufuata. Robert Crane aliieleza kanuni hiyo mwaka 1960. Sumu ya kipindupindu huufanya utumbo umwage maji kwa wingi wa kutisha, lakini milango ile huiacha salama. Na ndiyo sababu mtu aharishaye mfululizo aweza kunyweshwa akapona, ingawa mtu wa kawaida angedhani kwamba kila anywacho kitatoka.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, tabibu Dilip Mahalanabis alikuwa katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, upande wa India, kipindupindu kikivuma na maji ya dripu yakiisha. Aliwakabidhi jamaa za wagonjwa mchanganyiko wa chumvi na sukari wawanyweshe ndugu zao kwa mikono yao, na vifo vikashuka kutoka takriban watu 30 kati ya kila 100 hadi chini ya 4. Waliowaokoa wale walikuwa mama, dada na wajomba, wengi wao bila ya elimu yoyote ya tiba, wakiongozwa na mtu aliyeijua sababu. Pakiti ya leo ina glukosi gramu 13.5 na chumvi ya kawaida gramu 2.6, pamoja na chumvi nyinginezo, kwa lita 1 ya maji. Muuguzi aliyehifadhi tu atasema, "Pakiti moja, lita moja." Muuguzi anayejua sababu atamkalisha mama, amweleze kwamba akitia nusu lita ili dawa iwe kali, au akiongeza sukari ili mtoto aipende, mchanganyiko ule utayavuta maji kutoka mwilini kuyatia utumboni, na kuhara kutazidi. Huyu wa pili ndiye tunayemhitaji vijijini, naye hapatikani kwa njia ya kukariri.

Mambo haya hayawahusu wauguzi peke yao. Huko Moshi, tangu mwaka 1981, kiko chuo cha mafundi wa viungo bandia, TATCOT, na kazi ya fundi wa namna hiyo ni anatomia iliyogeuzwa kuwa umbo la plastiki na chuma. Kikombe cha mguu bandia wa chini ya goti hakiwezi kubana mahali popote: ukano ulio chini ya pia ya goti huvumilia uzito, lakini ukingo wa mbele wa muundi hauvumilii, wala kile kichwa cha mfupa mwembamba wa upande wa nje. Hapo chini ya kichwa hicho neva huuzunguka mfupa ikiwa karibu kabisa na ngozi, na msomaji akipapasa ataikuta mahali pake. Plasta ya jasi iliyokazwa vibaya mahali hapo humwacha mtu asiweze kuunyanyua unyayo. Mtu mwenye kujua jambo hilo katika vidole vyake ni salama kwa watu, hata kama jina la neva hiyo linampotea ulimini.

Limebaki jambo la staha, ambalo baadhi ya wataalamu wetu hulipita kwa haraka. Kusoma mwili kwa mikono kwahitaji adabu iliyo wazi, hasa katika darasa lenye wavulana na wasichana waliolelewa kwa haya. Wasichana wapapasane na wasichana, wavulana na wavulana. Mahali pa kuguswa patajwe kabla ya kuguswa. Na asiyependa asilazimishwe, kwani vifundo, mapigo ya mkono, mbavu na taya vinatosha kwa mengi. Mwanafunzi aliyezoea kumwomba mwenziwe ruhusa darasani ndiye atakayesimama kando ya kitanda akasema, "Shikamoo bibi, naomba nikushike mkono nihesabu mapigo yako," naye bibi ataitikia marahaba na kuunyosha mkono bila ya hofu. Kadhalika viungo vya mbuzi vishikwe kwa heshima, visifanyiwe mzaha, na vizikwe baada ya somo. Mwalimu anayevumilia mzaha mezani asistaajabu akiusikia wodini.

Mitihani yetu yapasa ifuate. Maadamu karatasi ya mwisho inauliza majina ya mifupa minane ya kifundo cha mkono, mwalimu hodari kuliko wote atarudi kukaririsha, kwa kuwa hana ruhusa ya kuwafelisha wanafunzi wake kwa sababu ya rai yake. Muulizaji aulize badala yake: mgonjwa amechomwa sindano takoni na sasa haunyanyui unyayo, eleza yaliyompata, na utaje alama za mifupa ambazo zingemkinga. Swali hilo moja hupima mifupa, misuli, neva na kazi kwa pamoja, na aliyekariri bila ya kufahamu hawezi kulijibu.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, nakuomba kabla ya muhula kuanza uende kliniki, wodini na karakana, ukaandike kila kazi ambayo mikono ya wanafunzi wako itafanya katika mwaka wao wa kwanza wa ajira, kisha uyapange masomo yako kwa orodha hiyo, na sura za kitabu uziite zije kuihudumia, kila moja kwa zamu yake. Nanyi mnaotunga mitihani, wekeni swali moja tu la namna niliyoitaja katika karatasi ya mwaka ujao, mtazame majibu yatakavyokuwa.